Baraza, safari, kurekodi wazee, jarida au kongamano: chama cha kuchunguza mambo ya Kusini kianze na lipi?

Wiki iliyopita vijana watatu wa Lindi walinipigia simu, wawili walimu na mmoja fundi wa kompyuta, wanataka kuanzisha chama cha kitaaluma cha kuchunguza mambo ya Kusini, yaani historia, lugha, mila, kilimo, biashara, kila kitu cha Lindi na Mtwara kuanzia Kilwa mpaka kule mto Ruvuma tunapopakana na Msumbiji. Nilifurahi sana jamani. Alafu wakaniuliza swali ambalo sisi wa huku Mtwara tulilijibu vibaya tulipoanza chama chetu: tuanze na shughuli ipi? Watu wako kumi na kitu, hela hamna, na kila mmoja ana lake, huyu anataka jarida, yule anataka kongamano lenye mgeni rasmi, mwingine anataka safari za Kilwa. Niliwajibu kwenye simu harakaharaka ila nimeona niyaandike vizuri, maana najua Masasi na Nachingwea nako kuna watu wana wazo hilohilo.

Mimi nazipima kwa maswali matatu tu. Shughuli inakula nini, kwa maana ya hela, muda na watu. Ikiisha inabakisha nini mkononi. Na la tatu, ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote: tukiiahirisha miaka mitano, tutaikuta?

Nianze na kongamano nilimalize haraka. Vyama vikubwa vya dunia vinaishi kwa makongamano, hicho cha Marekani cha masomo ya Afrika kilianzishwa 1957 na kila mwaka wanakutana, Ulaya nao wana mkutano wao mkubwa wa masomo ya Afrika wa kila baada ya miaka miwili. Faida yake ipo na ni ya kweli, mtu anakuja na andiko lake, anapewa dakika 15 au 20, anabanwa maswali na watu wanaojua, anarudi nyumbani kazi yake imenyooka. Lakini angalia sharti lake: lazima kuwe na watu wenye maandiko tayari. Sisi mwaka wa kwanza tulifanya kongamano bila maandiko, tukakodi ukumbi, tukachapa fulana, tukalipa chakula na usafiri wa wageni, mada zilizosomwa zilikuwa tatu na mbili kati yake zilitoka kwenye vitabu ambavyo wote tulishavisoma. Michango ya mwaka mzima iliisha siku mbili. Kilichobaki ni bango na picha. Kongamano linaweza kusubiri hata miaka kumi na bado ukumbi utakuwepo, kwahiyo kwa chama kinachoanza mimi naliweka mwisho kabisa.

Jarida ni kesi nyingine, hapa natakiwa nitende haki, kwasababu jarida ndo shughuli ya chama inayoishi muda mrefu kuliko zote. Nitawapa mifano mitatu ya hukuhuku kwetu. Ile historia ya Kilwa ya zamani, maandishi ya Kiarabu yanayotaja masultani mmoja baada ya mwingine, ilichapwa mwaka 1895 kwenye jarida la Royal Asiatic Society, chama cha London kilichoanza 1823. Wale walikuwa wanachunguza Asia zaidi, ila kwasababu walikuwa na jarida linalotoka kwa mpangilio, maandishi ya Kilwa yakapata pa kukaa na mpaka leo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Mfano wa pili, mshairi wa Lindi Abdul Karim bin Jamaliddini aliandika utenzi wa Vita vya Majimaji, na mwaka 1957 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikautoa kama nyongeza ya jarida lao. Na wa tatu ni jarida la Tanganyika Notes and Records, toleo la kwanza lilitoka 1936, waandishi wengi mwanzoni walikuwa maafisa wa kikoloni na unatakiwa uwasome kwa tahadhari, ila ukitaka kujua nani aliandika nini kuhusu Kusini miaka ile huwezi kulikwepa.

Sasa ukiona hivo unasema basi tuanze na jarida. Subiri kwanza. Jarida halizalishi chochote lenyewe, linahifadhi kilichozalishwa. Linataka mhariri ambaye hachoki, linataka watu wawili watatu nje ya chama wa kupitia kila makala na kusema ukweli hata kama mwandishi ni mwenyekiti, linataka ISSN, ile namba ya utambulisho wa jarida ambayo unaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba, na kikubwa kuliko vyote linataka toleo la pili. Toleo la kwanza watu wote wana moto, makala zinakuja, wengine wanaandika usiku kucha. La pili ndo kipimo, maana makala za akiba zimeisha na mhariri anaanza kuwapigia watu simu hawapokei. Ushauri wangu ni kwamba usitoe la kwanza mpaka uwe na makala za matoleo mawili kwenye kompyuta, zimeshapitiwa. Na kama hamjafika huko, toeni kijitabu cha kurasa 30 au 40 chenye jambo moja tu lililofanyiwa kazi vizuri, hakidai mwendelezo na hakuna atakayewauliza toleo la pili liko wapi. Chama cha Historia Tanzania kilichoanza 1966 kilifanya hivo miaka ile, kilikuwa kinatoa vijitabu vya mada moja moja, na kimoja kati ya vile ndo kimekusanya kumbukumbu za Majimaji, kazi ya Gwassa na Iliffe, mpaka leo wanafunzi wanakitafuta.

Safari za uwandani. Hapa Kusini tumebarikiwa, hilo halina ubishi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye urithi wa dunia tangu 1981, mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa 2014 baada ya kukarabatiwa. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331. Kuna Tendaguru upande wa Lindi, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, babu zetu wakaibeba vichwani na mabegani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 zikaenda Ujerumani na yule mmoja mrefu wa zaidi ya mita 13 kasimama Berlin mpaka leo. Mikindani iko kilomita kama kumi tu kutoka Mtwara mjini, boma la 1895 bado limesimama, unapanda bajaji asubuhi saa sita umerudi. Kwa kuvuta wanachama wapya hakuna kinachoizidi safari, mwanafunzi wa kidato cha tatu akisimama ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa na kushika nguzo ya mawe ya matumbawe, historia haimtoki tena.

Tatizo la safari ni kwamba inageuka utalii haraka mno. Watu wanapiga picha, wanakula pweza, wanarudi. Na kwa umbali wetu nauli inauma, kutoka Mtwara mpaka Kilwa Masoko ni safari ya siku nzima, bado boti ya kuvuka, bado malazi, na masika barabara yetu mnaijua wenyewe, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita njia ilikatika kule Somanga magari yakakaa foleni siku nyingi. Kwahiyo safari nzuri kwa chama ni ile fupi yenye kazi. Mkienda Mikindani msiende kuangalia tu, gaweni mitaa, huyu achore ramani ya nyumba za mawe zilizobaki, huyu apige picha milango na kuandika iko nyumba gani na nani anakaa, huyu aongee na wenye nyumba. Mkirudi mwakani mtafanya tena na mtaona nyumba ipi imeanguka. Hiyo ni taaluma kabisa, na imewagharimu nauli ya bajaji na maji ya kunywa.

Baraza la kila mwezi watu hulidharau kwasababu halina sherehe. Mnakutana Jumamosi moja ya mwezi, sehemu moja, saa moja, mtu mmoja anaongea nusu saa juu ya jambo alilochunguza mwenyewe, alafu maswali. Basi. Chumba cha maktaba ya mkoa, darasa la shule, hata barazani kwa mtu. Kinachotumika ni chai na mihogo. Ila sheria iwe kali: lazima mtu aseme habari ameipata wapi. Akisema wazee wanasema, aulizwe wazee gani, wa kijiji gani, aliwasikia lini. Tulipoanza kuulizana hivo kuna watu wawili walinuna na mmoja akaondoka moja kwa moja, lakini waliobaki walibadilika, siku hizi mtu anakuja na daftari. Faida ya pili ya baraza ni kwamba linaonyesha nani mchapakazi kabla hamjampa cheo. Kasoro yake ni kwamba lisipoandikwa linapotea, maneno mazuri kabisa yanaishia hewani, kwahiyo awepo katibu anayeandika kurasa mbili kila kikao na kuzihifadhi, hizo ndo zitakuja kuwa makala za jarida baadae.

Sasa nifike kwenye kurekodi wazee, na hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Kusini kuna mambo makubwa yaliyotokea ndani ya umri wa mtu mmoja. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 na kufa 1951, Nachingwea ikafyekwa mapori kwa matrekta, bandari ya Mtwara na reli vikajengwa kwa ajili yake, alafu reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1950 sasa hivi anakaribia 90. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi Nachingwea wakati wa vita yao ya ukombozi ya 1964 mpaka 1974, vijiji vya mpakani vilipokea wakimbizi na vingine viliguswa na mabomu, aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1965 amefika 80 sasa. Kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 70, walioamua wapi nyumba zijengwe bado wapo ila wachache. Lirudie swali langu la tatu hapo utaona linajijibu lenyewe. Magofu ya Kilwa yamesimama mamia ya miaka, mwakani yatakuwepo. Hawa wazee mwakani hatujui.

Na hili halikuanza na sisi. Mwaka 1968 chuo ambacho leo ndo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kwenye utafiti wa Majimaji, wakakaa na watu waliouona mwaka 1905 kwa macho yao, wengine kutoka kulekule Matumbi, Nandete, ambako pamba iling'olewa na vita ikaanza. Wangesubiri hata miaka 15 wangeongea na wajukuu tu. Kabla yao, mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi mpaka Newala na mashine ya fonografu na kamera ya filamu, akarekodi nyimbo na ngoma, sauti zikaenda Ujerumani. Yaani sauti za babu zetu za karne moja iliyopita zipo, ila mtu wa Newala akitaka kuzisikia anatafuta njia ya kuzifikia Ulaya. Mimi hilo linaniuma, na ndo maana nasema rekodi ya chama chetu lazima nakala yake irudi kijijini ilikotoka, kwenye simu ya mjukuu, shuleni, kwa mtendaji.

Nitawasimulia letu. Kulikuwa na babu mmoja njia ya kwenda Nachingwea aliyefanya kazi kwenye ile reli akiwa kijana. Tulikubaliana kwenda kumrekodi, tukasema tumalize kongamano kwanza. Likaisha hela hamna, tukasema baada ya mvua. Tulienda kweli, lakini tulienda kuzika. Binti yake akatutolea kipande cha kazi cha baba yake, kadi imechakaa, ina alama za wino na namba pembeni, akatuuliza hizi maana yake nini. Hakuna aliyejua pale, na aliyekuwa anajua tulikuwa tumetoka kumfukia. Kuanzia siku ile mimi suala la tuanze na lipi sina mjadala nalo.

Gharama yake sasa, maana watu wanadhani ni bure kwasababu kila mtu ana simu. Kurekodi ni rahisi, kazi iko baada ya kurekodi. Saa moja ya maongezi inakula saa tano sita za kuandika, na kama mzee ameongea Kimakonde au Kimwera ongeza muda wa kutafsiri, na usidhani kila Mmakonde atakusaidia, aliyezoea Kimaraba cha pwani anaweza kukwama kwa bibi wa Newala juu. Msirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, sauti inabanwa na kuharibika, tumieni programu ya kurekodi na hifadhini faili kubwa lenyewe. Nakala tatu, sehemu tatu, sisi tulipoteza maongezi manne kwasababu yalikuwa kwenye simu moja na simu ikaingia maji. Mwanzo wa kila rekodi sema kwa sauti tarehe, kijiji, nani anaongea, nani anauliza, kwa lugha gani.

Alafu kuna adabu, na hii hakuna kitabu cha utafiti kitakachokufundisha vizuri kuliko mama yako. Huingii kwa mzee na simu mkononi. Unapitia kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, una barua, unamkuta nang'olo, yaani mzee mwenyewe, unampa shikamoo yako, unakaa, mnaongea mambo ya korosho na mvua, siku ya kwanza pengine hurekodi kabisa. Unapeleka sukari au kanga kama mgeni yeyote, ila usiahidi malipo kwa maneno, ukianza kulipa kwa saa utapewa maneno ya saa nyingi. Msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, waacheni watu wafanye kazi zao. Na mambo ya jando na unyago yana mipaka, nyakanga mmoja, yaani kiongozi wa mafunzo hayo, alituruhusu kurekodi nyimbo za ngoma za nje, akatuambia ya ndani ya likumbi, kambi ya jando, hayatoki, tukazima simu. Mwanachama mmoja alilalamika kwamba tunapoteza data. Mimi nasema kama jambo si lako kulitoa basi si data yako. Mzee akisema hiki kisichapwe mpaka nife, andika hivohivo kwenye faili na muheshimu. Na kama mtashirikiana na mtafiti wa nje ya nchi, hakikisheni ana kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mkubaliane mapema nakala inabaki hapa.

Kwahiyo ukiniweka kwenye kona uniambie chagua, nachagua kurekodi wazee pamoja na baraza la kila mwezi, viwili hivo visiachane. Rekodi bila baraza zinarundikana kwenye flashi hakuna anayezisikiliza, na baraza bila rekodi linaishia kurudia vitabu vya watu. Kila mwezi mtu mmoja anakuja barazani na maongezi aliyorekodi, anachezesha dakika kumi, anaeleza, anabanwa. Baada ya mwaka mna vikao 12 vyenye kurasa zake, hapo kijitabu kinatoka chenyewe na jarida linaanza kuonekana kwa mbali.

Ila sio kila kundi ni kama letu. Kama wengi wenu ni walimu wenye klabu za historia shuleni, anzeni na safari fupi zenye kazi, mna watoto wa kutosha kuchora Lindi mjini yote ndani ya muhula mmoja. Kama mna watu wawili watatu waliosoma mpaka shahada ya pili na maandiko yao yanaoza kwenye kabati, hapo sawa, kijitabu kwanza. Na kama mko wawili tu msianzishe chama bado, jiungeni na kilichopo, Chama cha Historia au CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, kwa wa upande wa Kiswahili, mjifunze kikao kinaendeshwaje. Usajili kwa Msajili wa Jumuiya kule Mambo ya Ndani ufanyeni mkishazoeana, tumeona vyama vina katiba, mhuri na akaunti benki na havijawahi kukaa kikao cha pili.

Yule fundi kompyuta wa Lindi kaniuliza tena jana kama wanunue kinasa sauti au projekta. Kinasa sauti, na betri za akiba. Sisi Jumamosi hii tunapanda Newala kwa bibi mmoja ambaye mume wake alikuwa dereva wa trekta Nachingwea, tumeshaenda mara moja kumsalimia, safari hii amesema tuje mapema kabla jua halijawa kali na tumletee tumbaku ya kunusa.